Mazungumzo Yakikwama: Somo kwa Vikundi Vyetu

Somo letu safari hii linahusu jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulitaja katika mikutano, yaani siasa za vyama. Tunasema, "Hayo ni ya wakubwa." Lakini wakubwa wakishindwa kuelewana, ugomvi huo hauishii mjini. Unakuja mpaka kisimani, mpaka kwenye duka la kikundi, mpaka nyumbani kati ya shemeji na shemeji.

Kwa mwongozaji: somo hili laweza kuchukua mikutano miwili. Soma hadithi ya kwanza kwa sauti, halafu nyamaza kidogo. Waache watu waongee kabla hujaendelea.

HADITHI YA KUANZIA: MASHINE YENYE KUFULI MBILI

Tunakijua kikundi kimoja, jina hatutalitaja. Kilikuwa na wanachama 34, wengi wao akina mama. Kwa michango ya kila juma na harambee moja walinunua mashine ya kusaga mahindi. Ilipoanza kazi, mama hakuhitaji tena kubeba debe kichwani kilomita saba hadi sokoni. Faida ikaonekana, wakaanza kukopeshana karo ya watoto.

Mwaka 2017, wakati wa kampeni, mwenyekiti alianza kuja mkutanoni na kofia ya chama chake. Hilo peke yake si kosa, kwa maana kila mtu ana haki ya kuwa na chama. Lakini siku moja kibanda cha mashine kilitumiwa kwa mkutano wa mgombea, na hakuna mwanachama aliyekuwa ameulizwa. Wa upande mwingine wakakasirika. Mweka hazina, ambaye alikuwa wa chama kile kingine, akatia kufuli yake mlangoni, karibu na kufuli ya mwenyekiti. Basi mlango mmoja ukawa na kufuli mbili, na kila ufunguo ukakaa mfukoni mwa mtu asiyemsalimu mwenzake.

Sisi wa ofisi ya maendeleo tuliitwa kupatanisha. Tulichagua watu watatu kila upande. Waliketi mara tatu, wakapatana. Tuliandika karatasi, wakatia sahihi, tukapiga picha, tukanywa chai, tukarudi ofisini na ripoti nzuri. Baada ya majuma mawili kufuli ya pili ilikuwa imerudi mlangoni. Wanachama wa upande mmoja walisema, "Hao watatu walienda kunywa chai. Sisi hatukuulizwa." Upande wa pili ukajibu, "Hatuketi nao tena, hawa si watu wa neno." Mashine ikakaa miezi saba bila kusaga. Panya wakala mkanda.

Tuache hadithi hapo, tutairudia mwishoni. Kwanza tutazame jirani zetu, kwa sababu yaliyokipata kikundi hiki yamewapata pia watu wakubwa wenye mawakili na magari ya serikali.

TUONE: YALIYOTOKEA ZANZIBAR

Zanzibar ni visiwa, vikubwa vikiwa Unguja na Pemba. Ni sehemu ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, lakini ina rais wake na Baraza lake la Wawakilishi. Vyama vingi viliporudi, vyama viwili vilipata nguvu karibu sawa huko: CCM na CUF. Katika uchaguzi wa Oktoba 1995, Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2, naye Seif Sharif Hamad wa CUF akapewa asilimia 49.8. Hebu fikirini, ni kama kikundi cha watu mia moja kugawanyika hamsini kwa hamsini. CUF walikataa matokeo, na wawakilishi wao wakasusia Baraza.

Mapatano ya kwanza, ambayo watu wa huko wanayaita Muafaka, yalitiwa sahihi Juni 1999 kwa msaada wa Jumuiya ya Madola. Yalizungumzia tume ya uchaguzi, daftari la wapiga kura na mambo ya haki. Karatasi ilikuwa nzuri, lakini uchaguzi wa Oktoba 2000 ulifika kabla mambo makubwa hayajatekelezwa. Katika majimbo 16 kura zilifutwa na zikarudiwa, na CUF wakasusia marudio hayo.

Tarehe 27 Januari 2001 wafuasi wa CUF waliandamana, na polisi wakapiga risasi. Shirika la Human Rights Watch liliandika kuwa watu wasiopungua 35 waliuawa na zaidi ya 600 wakajeruhiwa. Watu wapatao 2,000 walivuka bahari kukimbilia kwetu Kenya, wakafikia Shimoni, pwani ya kusini. Tukumbuke neno hilo: hawa walikuwa wakimbizi kutoka Tanzania, nchi ambayo sisi sote tulizoea kuiona kama kisiwa cha amani na mahali pa kupokea wakimbizi wa wengine.

Baada ya damu hiyo, vyama viliketi tena. Tarehe 10 Oktoba 2001 Muafaka wa pili ulitiwa sahihi, na safari hii waliupanga wenyewe. Mambo kadhaa yalitekelezwa, mengine yakabaki. Uchaguzi wa 2005 ukaleta tena manung'uniko yale yale, na CUF wakakataa kumtambua Rais Amani Abeid Karume. Rais Jakaya Kikwete, aliyekuwa ameingia madarakani tu, aliliambia Bunge mwezi Desemba 2005 kwamba mpasuko wa Zanzibar unamsumbua. Januari 2007 mazungumzo ya tatu yakaanza, yakiongozwa na makatibu wakuu wa vyama, Yusuf Makamba wa CCM na Seif Sharif Hamad wa CUF.

Waliketi zaidi ya mwaka mmoja. Watu wakaambiwa kuwa kazi imekaribia kwisha, kwamba kutakuwa na serikali ya kugawana madaraka. Kisha mwishoni mwa Machi 2008 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Butiama, kijiji alikozaliwa Mwalimu Nyerere. Ikasema inakubali wazo hilo, lakini ni lazima kwanza wananchi wa Zanzibar waulizwe kwa kura ya maoni. CUF wakasema jambo hilo halikuwa katika makubaliano, ni sharti jipya lililoletwa mlangoni watu wakitaka kutoka. Mazungumzo yakakwama hapo.

Tuwe waadilifu. Kila upande ulikuwa na hoja. Ni kweli kwamba kubadilisha muundo wa serikali ni jambo kubwa na mwenye nchi ni mwananchi, afadhali aulizwe. Ni kweli pia kwamba mtu aliyezungumza nawe zaidi ya mwaka halafu akaleta sharti jipya siku ya mwisho anakufanya ujiulize kama alikuwa na nia.

JINSI MLANGO ULIVYOFUNGUKA

Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Karume na Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu ya Zanzibar, wao wenyewe, bila mpatanishi kutoka nje. Baada ya siku chache CUF wakatangaza kumtambua Karume kuwa rais. Si wote waliofurahi. Baadhi ya wafuasi walipinga hadharani, na viongozi wakalazimika kuwaeleza watu wao. Januari 2010 Baraza la Wawakilishi likapitisha azimio la kuunga mkono maridhiano, wa CCM na wa CUF pamoja.

Na sasa sikilizeni vizuri. Tarehe 31 Julai 2010 kulifanyika nini? Kura ya maoni! Ile ile iliyovunja mazungumzo mwaka 2008. Safari hii CUF walikuwa upande wa kuipigia debe, na asilimia 66.4 ya waliopiga kura walisema ndiyo. Oktoba mwaka huo Dkt. Ali Mohamed Shein wa CCM alishinda kwa asilimia 50.1, Seif akapata 49.1. Pengo lilikuwa dogo kama la 1995, lakini hapakuwa na maandamano ya damu. Seif alikubali matokeo, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais.

Basi tujiulize: kama kura ya maoni ilikuwa sumu mwaka 2008, ikawaje dawa mwaka 2010? Jambo lenyewe halikubadilika. Kilichobadilika ni kuaminiana, na namna lilivyoletwa. Mwaka 2008 lililetwa na upande mmoja mwishoni. Mwaka 2010 pande mbili zilikwenda nalo kwa wananchi pamoja.

Lakini tusidanganyane kwamba hadithi iliishia hapo kwa nderemo. Oktoba 2015 mwenyekiti wa tume ya uchaguzi alifuta uchaguzi wote wa Zanzibar. Shein na Seif waliketi tena pamoja na marais wastaafu, wakakutana mara kadhaa, wakakosa kuelewana. Uchaguzi ulirudiwa tarehe 20 Machi 2016, CUF wakasusia, na serikali ya pamoja ikafa. Seif baadaye alihamia chama cha ACT-Wazalendo. Baada ya uchaguzi wa 2020, ambao nao ulilalamikiwa sana, chama hicho kilikubali kuingia serikali ya pamoja chini ya Rais Hussein Mwinyi. Seif akaapishwa Desemba 2020, akafariki Februari 2021. Mapatano, ndugu zetu, ni kama paa la nyasi. Ukiliezeka mara moja ukalisahau, mvua itakukumbusha.

NA SISI WAKENYA?

Hapa hatuwezi kumcheka jirani. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika nchi yetu, na zaidi ya 600,000 walihama makwao. Wengine wenu mnaosoma mliwapokea, na wengine mlikuwa miongoni mwao. Kofi Annan alifika Januari 2008 pamoja na Graça Machel na Benjamin Mkapa, yule yule aliyekuwa Rais wa Tanzania wakati wa mauaji ya Januari 2001. Wajumbe wa pande mbili, za Mwai Kibaki na Raila Odinga, waliketi majuma kadhaa. Walikubaliana kusimamisha fujo na kusaidia waliofukuzwa. Walipofika kwenye kugawana madaraka wakakwama.

Annan alifanya nini? Tarehe 26 Februari alisimamisha mazungumzo ya wajumbe. Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa wakubwa wawili wenyewe. Rais Kikwete, aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, alikuja kusaidia. Tarehe 28 Februari Kibaki na Raila wakatia sahihi mbele ya Harambee House. Oneni jinsi mambo yalivyo: mwezi mmoja tu baadaye, mazungumzo ya nyumbani kwa Kikwete yakakwama Butiama. Kumpatanisha jirani ni rahisi kuliko kujipatanisha mwenyewe. Sisi tunaopatanisha vikundi tulikumbuke hilo.

KWA NINI MAZUNGUMZO HUKWAMA

Tukiyaweka haya yote pamoja, twaona sababu hizi tano.

1. Waliotumwa hawana uwezo wa kukubali. Wajumbe wanapatana mezani, lakini wenye neno la mwisho wako kwingine. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kabla ya Butiama, na Annan aliliona Nairobi.

2. Sharti jipya mwishoni. Hata likiwa zuri, huvunja imani. Kama unalo, lilete siku ya kwanza.

3. Karatasi bila tarehe. Muafaka wa 1999 ulikuwa na mambo mazuri, lakini muda ulipita. Penye maneno "tutashughulikia," bila kusema nani na lini, kuna ugomvi unaolala tu.

4. Wanachama hawaambiwi. Siri ikizidi, uvumi huchukua nafasi yake. Kiongozi akikubaliana gizani, atazomewa mchana.

5. Upande mmoja unaona kuchelewa kunaufaa. Aliye ofisini au mwenye ufunguo hana haraka. Hasara inamwangukia mwingine, na huyo mwingine mara nyingi ni mama mwenye debe kichwani.

TUTENDE: HATUA ZA KIKUNDI KILICHOKWAMA

Kwanza, msivunje kuonana. Mazungumzo yakisimama, wekeni siku ya kukutana tena kabla hamjaondoka, hata kama ni ya kusalimiana tu.

Pili, tafuteni mwenye neno. Ulizeni wazi: "Tukikubaliana hapa, ni nani anayeweza kulikataa?" Huyo ndiye wa kuketi naye.

Tatu, tenganisheni madogo na makubwa. Annan alianza na kusimamisha fujo, si na kugawana vyeo. Anzeni na lile linaloumiza watu leo.

Nne, kila upande uwaeleze watu wake kabla ya kutia sahihi, si baada. Ni afadhali mkutano mrefu wenye kelele kuliko karatasi nzuri isiyo na wenyewe.

Tano, andikeni nani atafanya nini, na tarehe gani mtakutana kuangalia kama imefanyika. Lililo muhimu lingie katika katiba ya kikundi, ili lisife viongozi wakiondoka. Zanzibar waliliweka katika katiba yao mwaka 2010. Hata hivyo 2015 inatufundisha kwamba katiba peke yake haitoshi ikiwa wanaohesabu kura hawaaminiwi. Kwa hiyo kwenye uchaguzi wa kikundi hesabuni kura mbele ya watu wote, pale pale, kwa sauti.

TURUDI KWENYE MASHINE

Sasa tumalizie hadithi yetu. Tukubali kosa letu: tulikuwa na haraka. Tuliwachagua wajumbe sisi wenyewe, tukaandika karatasi kwa kalamu yetu, na tukafurahia picha kabla ya unga. Tuliporudi safari ya pili hatukubeba karatasi. Tuliwaomba wanachama wote 34 waketi chini ya mti, nao 29 wakaja. Tuliuliza swali moja: "Leo ni nani ameenda kusaga sokoni?" Mikono ikainuka pande zote mbili. Bibi mmoja akasema, "Mimi nina kadi ya chama, lakini kadi hainibebei debe." Watu wakacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja kwa miezi mingi.

Siku hiyo hawakuzungumza ni nani alikosa. Walikubaliana mambo matatu tu: mkanda mpya ununuliwe kutoka mfuko wa kikundi, mashine ifunguliwe Jumanne na Ijumaa, na pesa zihesabiwe na watu wawili, mmoja kila upande, mbele ya yeyote atakayetaka kutazama. Kufuli mbili zilibaki, lakini funguo zote zikapewa yule bibi. Baada ya miezi mitatu wakaongeza siku. Ndipo wakarudi kwenye lile jambo gumu la kibanda na mgombea. Waliligombania mikutano miwili, kisha wakaandika katika katiba yao: mali ya kikundi haitatumiwa na chama chochote, na kiongozi anayetaka kugombea cheo cha siasa atajiuzulu kwanza.

Mwenyekiti wa zamani na mweka hazina wa zamani hawajawa marafiki. Wanasalimiana, basi. Sisi tunaona hiyo inatosha kwa sasa. Mapatano si lazima watu wapendane siku ile ile. Ni lazima mashine isage.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika hadithi ya mashine, kosa la kwanza lilikuwa wapi? Je, wewe ungefanya nini siku ile kibanda kilipotumiwa?

2. Kura ya maoni ilikataliwa Zanzibar 2008 ikakubaliwa 2010. Je, katika kikundi chetu kuna wazo zuri tulilolikataa kwa sababu tu ya aliyelileta?

3. Ni mali gani ya kikundi chetu yaweza kufungwa kwa kufuli mbili uchaguzi ukija? Katiba yetu inasema nini juu yake?

4. Kuna watu wawili hapa kijijini ambao hawasalimiani tangu uchaguzi uliopita? Ni nani anaweza kwenda kwao, na lini?

5. Je, viongozi wetu hutueleza kabla ya kukubali mambo kwa niaba yetu, au baadaye?

Swali la nne lisiachwe mkutano ukiisha. Andikeni jina la atakayekwenda na siku ya kwenda. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tumeona nchi nzima zikijenga ukuta. Ufa wa kijiji bado unazibika kwa mkono. Kazi njema, na tuonane katika somo lijalo.